Sumu ya bakteria inatokaje nje? Sindano, mikuki na vita tusivyoviona

Tukiambiwa bakteria fulani anatoa sumu huwa tunapita tu, hatuulizi anaitoaje, na mi naona hapo ndo penye utamu wote. Sumu nyingi za bakteria ni protini, na protini ni dude kubwa, mnyororo mrefu wa asidi amino uliojikunjakunja, halafu seli ya bakteria imezungukwa na utando wa mafuta ambao hata chembe ndogo za chumvi hazipiti bila kufunguliwa njia maalumu. Sasa protini iliyotengenezwa ndani itatokea wapi? Haitoki. Bakteria anaweza kuwa na jeni ya sumu kali balaa na asimuumize mtu yeyote, kwa sababu tu hana pa kuitolea. Ndo maana ukiyafuatilia magonjwa ya bakteria kwa undani unakuta mara nyingi kinachoamua nani anaumwa siyo sumu peke yake, ni ile mashine inayoisafirisha.

Na kuna ugumu mwingine juu ya huo. Mwaka 1884 Hans Christian Gram, daktari wa Denmark aliyekuwa anafanya kazi Berlin, alibuni njia ya kupaka bakteria rangi, wengine wakabaki zambarau na wengine rangi ikawatoka wakisafishwa, na mpaka leo maabara zinawagawa hivyohivyo, Gram chanya na Gram hasi. Wakati ule hakuna aliyejua kwa nini. Darubini za elektroni zilipokuja ndo ikaonekana kwamba Gram chanya wana utando mmoja wenye ukuta mnene juu yake, ila Gram hasi wana tando mbili, wa ndani na wa nje, na ukuta mwembamba katikati. Kwa hiyo Gram hasi akitaka kutoa protini ni lazima avuke tando mbili, na kama shida yake ni kuiingiza moja kwa moja ndani ya seli ya kiumbe mwingine basi zinakuwa tatu, na zote anatakiwa azivuke bila kujitoboa mwenyewe maana akivuja tu amekufa.

Bakteria wengi wana njia mbili za kawaida kwenye utando wa ndani, zinaitwa Sec na Tat. Sec inapitisha protini ambayo bado haijajikunja, Tat inapitisha iliyoshajikunja, lakini kwa Gram hasi zote zinakufikisha kwenye ule uwazi wa kati tu. Kutoka hapo kwenda nje zinahitajika mashine nyingine, na ndo hizo wanaziita mifumo ya sekresheni. Zimepewa namba, Aina ya 1, ya 2, ya 3 na kuendelea, ila usihangaike kutafuta mantiki kwenye hizo namba, zimefuata zaidi jinsi watu walivyozigundua na kuzitofautisha, siyo undugu wala umuhimu. Mimi hapa sizifuati kwa mpangilio, na kuna ambazo nitazigusa tu, kama Aina ya 1 ambayo ni mrija mmoja unaotoka ndani mpaka nje bila kituo, E. coli wanaosababisha maambukizi ya njia ya mkojo wanaitumia kutoa sumu inayotoboa seli, na basi.

Tuanze na kipindupindu kwa sababu bakteria wake, Vibrio cholerae, ana mashine mbili tofauti kabisa kwa kazi mbili tofauti, na ukimwelewa huyu umeelewa sehemu kubwa ya mambo yaliyobaki. Sumu ya kipindupindu ina vipande sita, kimoja chenye sumu yenyewe kinaitwa A na vitano vya kushikilia vinaitwa B. Vipande vinavushwa utando wa ndani kimoja kimoja kupitia Sec, vikifika kwenye uwazi wa kati vinajikunja na kuungana, halafu Aina ya 2 inaisukuma sumu nzima, ikiwa imeshakamilika, kupitia tundu kubwa kwenye utando wa nje. Zingatia kwamba hapo bakteria hajamgusa mtu. Amemwaga tu, sumu inajitafutia yenyewe, vile vipande B vinanasa kwenye mafuta fulani yaliyo juu ya seli za utumbo mwembamba na sumu inamezwa ndani. Kipande A kikishaingia kinaenda kuikwamisha swichi ya seli ikae imewaka muda wote, ujumbe wa ndani unaoitwa cAMP unapanda, milango ya kloridi inafunguka, chumvi zinatoka na maji yanazifuata. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza mpaka lita moja ya maji kwa saa. Bakteria mwenyewe haingii kwenye seli wala hautoboi utumbo, yuko pale juu tu anamwaga.

Kitu kinachonishangaza zaidi ni kwamba jeni za hiyo sumu hazikuwa za kwake. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba zinabebwa na virusi vinavyoambukiza bakteria, yaani faji, anaitwa CTX, na Vibrio ambaye hajapata huyo faji hana sumu ya kipindupindu. Halafu ikaja kuonekana kwamba faji huyo naye akitaka kutoka anapitia tundu lilelile la nje la Aina ya 2 ambalo sumu inapitia. Kwa hiyo mlango ni mmoja, wenye kuutumia ni wawili, na sisi ndo tunaoharisha.

Sasa kumwaga kuna hasara yake. Protini ukiimwaga kwenye utumbo au kwenye damu inasambaa, inapungua nguvu, kingamwili zinaikamata njiani. Njia yenye uhakika zaidi ni kumpelekea mlengwa mkononi, na hiyo ndo kazi ya Aina ya 3, mashine ambayo ukiiona kwenye picha ya darubini huamini kama haikuchongwa na fundi. Mwaka 1998 Tomoko Kubori, Jorge Galán na wenzao walichapisha picha za hiyo mashine ikiwa imetolewa nzima kutoka kwa Salmonella, na ilikuwa ni sindano kwelikweli, kitako chenye pete zinazopita kwenye tando zote mbili na juu yake sindano nyembamba iliyochomoza nje, urefu wa makumi ya nanomita hivi. Inajengwa na protini za aina zaidi ya 20. Tundu la ndani ni dogo mno, nanomita mbili tatu tu, protini iliyojikunja haipiti kabisa, kwa hiyo chini kuna injini inayokula nishati ya ATP, inazibandua protini kutoka kwa walezi wao, yaani protini saidizi zinazozishikilia zikisubiri zamu, na kuzisaidia kunyooka ndo zinapenya kwenye sindano. Kwenye ncha kuna protini nyingine zinazotoboa utando wa seli ya mtu, na njia inakuwa imekamilika toka tumboni mwa bakteria mpaka ndani ya seli.

Sindano ni ile ile ila kinachochomwa ndo kinatofautiana, na hapa kila bakteria ana akili yake. Salmonella anataka kuingia ndani ya seli za utumbo ambazo kwa kawaida hazili bakteria, hiyo siyo kazi yao. Anachofanya, anachoma protini inayoitwa SopE, hiyo inawasha mifumo inayosimamia aktini, yaani nyuzi zinazoipa seli umbo, na utando wa seli unafura na kumkumbatia bakteria mpaka anazama ndani. Lakini seli ikibaki imevurugika vile itakufa na yeye atakosa makazi, kwa hiyo pamoja na SopE anachoma SptP ambayo inafanya kinyume kabisa, inazima kile SopE ilichowasha. Utauliza mbona haziharibiani kazi kama zimeingia pamoja? Jibu ni kwamba seli yenyewe inaivunja SopE haraka kuliko SptP, kwa hiyo mchafuko unakuja kwanza, utulivu unafuata, na aliyepanga ratiba ni mfumo wa usafi wa seli ya mtu. Aisee. Akishaingia ndani anawasha sindano ya pili, tofauti na ile ya kwanza, kwa ajili ya kukitengeneza kile kifuko alichomo kiwe mahali pa kuishi na kuzaana badala ya kuwa mahali pa kumeng'enywa.

Yersinia pestis wa tauni anataka kinyume chake, yeye hataki kumezwa. Seli nyeupe za damu zikimsogelea ili zimle, anazichoma protini zinazoitwa Yop, moja inavunja aktini, nyingine inang'oa fosfeti kwenye protini ambazo seli inazitumia kupeana taarifa, na ile seli iliyokuja kula inabaki imeganda pembeni yake. Jeni za sindano hiyo hazipo kwenye kromosomu yake, zimebebwa kwenye plasmidi, yaani kipande kidogo cha DNA kinachokaa pembeni ya kromosomu, na zinapamba moto kwenye nyuzijoto 37 za mwili wa mamalia. Kwa kiroboto anayemsambaza mambo ni mengine.

Ila mi kwa Aina ya 3 namkubali zaidi E. coli wa kuharisha, yule wanayemuita EPEC. Bakteria wengi wakitaka kunata kwenye seli wanatafuta kitu ambacho seli tayari inacho wakishikilie. Huyu hatafuti. Anaichoma seli protini yake inayoitwa Tir, Tir inaenda kujipachika kwenye utando wa seli ikiwa imetokeza nje, halafu bakteria anakuja kuishika kwa protini nyingine iliyo juu ya mwili wake. Amekuja na kishikizo chake mwenyewe, kakifunga kwenye mlango wa mtu, ndo akakishika. Hiyo ilichapishwa 1997 na watu walikuwa hawajawahi kuona mdudu anayefanya hivyo.

Hii sindano imetoka wapi? Ukiilinganisha na mkia unaozunguka ambao bakteria anatumia kuogelea, ile flajela, unakuta kitako ni karibu kitu kimoja na protini nyingi za chini zina undugu, na flajela yenyewe inajijenga kwa kusukuma protini zake kupitia tundu la katikati. Uchambuzi wa jeni unaonyesha flajela ilitangulia na sindano ikachipuka kutoka huko. Na kinga ya mwili wetu imeushtukia huo undugu, kwenye seli za ulinzi kuna protini za familia ya NAIP, panya wanazo kadhaa na sisi tunayo moja, zinatambua kipande cha sindano kikivujia ndani ya seli na pia kipande cha flajela, na zote zinapiga kengele ileile ambayo mwisho wake ni seli kujilipua na kumnyima bakteria pa kukaa.

Aina ya 4 nayo ina asili ya kushangaza, maana ilianza kama njia ya bakteria kupeana DNA. Mwaka 1946 Joshua Lederberg na Edward Tatum walionyesha kwamba E. coli wanaweza kubadilishana jeni, na baadaye ikajulikana kwamba wanashikana mwili kwa mwili na mmoja anamsukumia mwenzake plasmidi kupitia mashine iliyo kwenye tando zake. Hapo ndo panapotuumiza kichwa na antibayotiki, kwa sababu jeni za usugu zikikaa kwenye plasmidi hazisubiri bakteria azae, zinahama kwa jirani leo leo, na jirani si lazima awe wa spishi moja. Agrobacterium tumefaciens kaichukua mashine ya namna hiyo akaielekeza kwa mimea, anaingiza kipande cha DNA yake kwenye seli ya mmea, kinajichomeka kwenye kromosomu za mmea, na mmea unaota uvimbe huku ukimtengenezea bakteria chakula ambacho wengine wengi hawawezi kukila. Wanasayansi walivyoona hivyo wakasema basi tuutoe uvimbe tuweke jeni tunayotaka sisi, na toka 1983 hiyo ndo moja ya njia kuu za kutengeneza mimea yenye jeni za kuingizwa.

Wengine wameibadilisha isafirishe protini. Helicobacter pylori wa vidonda vya tumbo, yule aliyewapa Barry Marshall na Robin Warren Nobeli ya 2005, ana aina zenye Aina ya 4 na aina zisizokuwa nayo, na wenye nayo wanachoma protini inayoitwa CagA kwenye seli za tumbo. CagA ikifika ndani, vimeng'enya vya seli yenyewe vinaibandika fosfeti, kuanzia hapo inaanza kuingilia mawasiliano yanayosimamia ukuaji na umbo la seli. Wenye aina za CagA wako kwenye hatari kubwa zaidi ya saratani ya tumbo kuliko wenye aina zisizo nayo. Shirika la utafiti wa saratani la WHO lilimweka huyu bakteria kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 1994, na watu wengi hawajui kabisa kama kuna bakteria kwenye hilo kundi. Kifaduro pia sumu yake inatoka kwa Aina ya 4, ila yenyewe inamwagwa nje tu.

Halafu kuna Legionella. Julai 1976 maveterani wa jeshi la Marekani walikutana hotelini Philadelphia, wakaanza kuugua nimonia ya ajabu, si chini ya 29 wakafa, na bakteria akaja kujulikana Januari 1977. Mashine yake ya Aina ya 4 inachoma zaidi ya protini 300 tofauti, mia tatu, wakati wadudu wengine wanaridhika na ishirini thelathini. Za nini zote hizo? Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba Legionella hakujifunza kwa binadamu, anaishi kwenye maji na anakutana na amiba wa kila aina wanaotaka kumla, kila amiba ana mambo yake ya ndani, kwa hiyo amejikusanyia vifaa vya kila namna. Seli za ulinzi za mapafu yetu zinameza vitu kwa namna inayofanana sana na amiba, tukivuta mvuke wa maji yenye huyo bakteria zinammeza, na vile vifaa vinafanya kazi hukohuko. Kwetu kwa kawaida haambukizi kutoka mtu mmoja kwenda mwingine, yaani sisi ni mwisho wa njia kwake, hakutulenga. Mi nadhani hii inabadilisha jinsi ya kuyatazama magonjwa mengi, tunajiona sisi ndo walengwa wa kila silaha kumbe nyingine tumezikuta tayari zinatumika huko nje.

Na hakuna mahali hilo linaonekana wazi kama kwenye Aina ya 6, ambayo inaturudisha kwa Vibrio wa kipindupindu. Mwaka 2006 Stefan Pukatzki, Mekalanos na wenzao walimweka Vibrio pamoja na amiba, wakaona aina fulani za Vibrio zinawaua amiba wanaozila, wakatafuta jeni zinazohusika na kukuta mfumo wa sekresheni ambao haujaelezwa kabla. Mwaka huohuo Joseph Mougous na wenzake wakaonyesha mfumo huohuo kwa bakteria mwingine, Pseudomonas aeruginosa. Mwanzoni watu waliichukulia kama silaha nyingine dhidi ya seli kubwa. Kufika 2010 ikawa imeeleweka kwamba kazi yake kubwa ni kuua bakteria wengine.

Inavyofanya kazi ni kama mkuki uliowekwa ndani ya ala, ila ala ndo inayorusha. Ndani ya bakteria unajengwa mrija wa protini iitwayo Hcp, mbele yake kuna ncha kali, na kuuzunguka kuna ala ndefu inayoweza kufika upana mzima wa seli. Ikipata ishara ala inajibana ghafla, inafupika karibu nusu, na ule mkuki unatupwa nje kupenya kwa jirani ukiwa umebeba sumu. Tendo lote la kujibana linaisha chini ya milisekunde 5, kamera ziliishia kuona ala ndefu kwenye picha moja na ala fupi kwenye picha inayofuata, katikati hamna kitu. Baadaye kimeng'enya kingine kinaibomoa ala iliyojibana na vipande vinatumika kujenga mpya. Ukitazama video za Marek Basler na wenzake unaona bakteria mmoja anajenga, anarusha, anabomoa, anajenga tena upande mwingine. Kimaumbile hiyo mashine inafanana na mkia wa faji, ile sehemu anayotumia kuchoma DNA yake ndani ya bakteria, ila imegeuzwa irushe kutoka ndani kwenda nje. Kwa hiyo silaha ya adui wa bakteria ndo imekuwa silaha ya bakteria, au walirithi wote kutoka kwa babu mmoja, vyovyote iwavyo undugu upo.

Sumu zinazobebwa zinalenga vitu ambavyo bakteria hawezi kuishi bila navyo. Nyingine zinakata ukuta wa seli, nyingine zinameng'enya mafuta ya utando, kuna inayoharibu NAD ambayo bila hiyo seli haina namna ya kuendesha kemia yake. Swali linalokuja hapohapo ni kwa nini ndugu hawauani, maana kwenye kundi la Vibrio wote wana mkuki na wote wamebanana. Kumbe kila jeni ya sumu inakaa pembeni ya jeni ya kinga yake, protini inayoikamata ile sumu na kuizima. Ndugu akichomwa haumii. Mgeni asiye na hiyo kinga anapasuka. Na kwa sababu sumu na kinga zinakwenda mbilimbili, bakteria wa spishi moja wenye jozi tofauti wanauana vizuri tu, undugu hapa hauangaliwi kwa jina la spishi, unaangaliwa kwa jozi.

Tabia za kurusha nazo zinatofautiana. Vibrio anarusha hovyo, pande zote, liwalo na liwe. Pseudomonas aeruginosa ametulia, hana haraka, lakini ukimchoma anakurudishia palepale ulipomchomea. Mwaka 2013 Basler, Brian Ho na Mekalanos walionyesha kwamba akiwekwa na Vibrio mwenye Aina ya 6 inayofanya kazi anamuua, akiwekwa na Vibrio aliyeondolewa hiyo mashine anamwacha. Hana macho wala akili, anahisi tu utando wake umetobolewa na anaijenga mashine sehemu hiyohiyo.

Vibrio naye ana la ziada. Huko majini anakaa juu ya magamba ya viumbe wadogo yaliyotengenezwa na kitini, na akikutana na kitini anawasha vitu viwili kwa mpigo, mkuki na uwezo wa kunyonya DNA iliyo nje. Timu ya Melanie Blokesch ilionyesha 2015 kwamba anamuua jirani, jirani anapasuka, DNA inamwagika na yeye anaichukua na kuiingiza kwenye jeni zake. Ukifikiria usugu wa antibayotiki hapo hupati usingizi, maana siyo tena suala la kupewa jeni na jirani kwa hiari, ni kumuua na kumrithi. Na ndani ya utumbo mkuki una kazi nyingine, kwenye panya wachanga ilionekana kwamba Vibrio anautumia kuwaondoa E. coli wenyeji ili apate nafasi, ndo baadaye ile Aina ya 2 imwage sumu. Mashine ya kwanza ni ya kugombea kiwanja, ya pili ni ya kumuumiza mwenye tumbo, na ukiangalia kwa haraka unaona ugonjwa mmoja tu.

Tusidhani mkuki ndo njia pekee ya kuuana. Mwaka 2005, kabla hata Aina ya 6 haijajulikana, kundi la David Low lilieleza E. coli aliyetoka kwenye utumbo wa panya ambaye anazuia E. coli wengine wasikue kwa kuwagusa tu, na alikuwa anatumia aina mojawapo ya Aina ya 5, protini ndefu inayochomoza kama fimbo na sumu ikiwa kwenye ncha. Hapo pia kila mwenye fimbo ana kinga ya sumu yake. Aina ya 5 ndo rahisi kuliko zote, mara nyingine protini inajitengenezea tundu lake lenyewe kwenye utando wa nje na kujipitisha, na kisonono anaitumia kutoa kimeng'enya kinachokata kingamwili za IgA zinazolinda sehemu zenye ute.

Nimeongea sana kuhusu Gram hasi, ila bakteria wa kifua kikuu hakai vizuri kwenye kundi lolote kati ya hayo mawili, ana ngozi ya nje ya mafuta mazito ya nta na mashine yake ni Aina ya 7. Yeye anazo tano, zinaitwa ESX, na ESX-1 ndo inayomsaidia kukipasua kile kifuko anachofungiwa akimezwa na makrofaji, yaani seli ya ulinzi inayomeza vijidudu. Hii ina historia nzuri. Albert Calmette na Camille Guérin walianza 1908 kuotesha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, wakamhamisha mara 230 mpaka 1921 akawa amepoa, ndo chanjo ya BCG. Wao hawakujua amepoteza nini. Miaka mingi baadaye jeni ziliposomwa ikaonekana kuna kipande cha DNA kimedondoka, na kwenye hicho kipande ndo kulikuwa na sehemu muhimu ya ESX-1 pamoja na protini mbili inazotoa, ESAT-6 na CFP-10. Yaani chanjo iliyochomwa kwa mabilioni ya watu ni bakteria aliyepoteza mashine yake. Na faida ikaja nyingine, kipimo cha zamani cha ngozi kinaweza kumwonyesha mtu ana maambukizi kumbe alichanjwa tu, lakini vipimo vya damu vinavyotumia ESAT-6 na CFP-10 havichanganywi na BCG kwa sababu BCG haina hizo protini.

Sasa kama mashine ndo inayoleta ugonjwa kwa nini tusiizibe tu tukaachana na kuua bakteria? Wazo lipo na watu wanalifanyia kazi miaka mingi. Linavutia kwa sababu bakteria aliyezibwa sindano hafi, kwa hiyo kinadharia msukumo wa kuzaa usugu ni mdogo, na wale bakteria wema wa utumboni wasio na sindano hawaguswi. Kuna kemikali kadhaa zimeonyesha kuzuia Aina ya 3 kwenye maabara, na kuna kingamwili zinazokaa kwenye ncha ya sindano ya Pseudomonas zikaizuia isichome. Kwa tauni, protini ya ncha ya sindano iitwayo LcrV ni sehemu kuu ya chanjo nyingi zinazojaribiwa, mwili ukishazifahamu hizo ncha unazifunika kabla hazijagusa seli.

Ugumu upo kwenye muda. Mgonjwa akija hospitali tayari ana homa au anaharisha, sindano zimeshachoma, na dawa inayozuia kuchoma haiondoi kilichokwisha kuingia. Halafu daktari lazima ajue ni bakteria gani hasa, maana dawa ya kuziba sindano ya Salmonella haina kazi kwa mtu mwenye kipindupindu ambaye sumu yake inatoka kwa Aina ya 2, wakati antibayotiki ya kawaida unaweza kuanza nayo huku unasubiri majibu ya maabara. Kwa hiyo kwa sasa matumaini makubwa yako zaidi upande wa chanjo na kwa wagonjwa ambao hatari yao inajulikana mapema, kwa mfano waliowekwa kwenye mashine ya kupumulia, ambao Pseudomonas anawavizia na kuna siku kadhaa za kumuwahi kabla hajaanza.